Hesabu ya Vidonge

Kazi yangu ni kuhesabu.
Jumanne na Alhamisi, kituo cha afya Kyazanga,
namwaga chupa mezani, natenga kwa kijiti
viwili viwili, kama mtu achambuaye mchele.
Aliyebakisha namhoji. Aliyemaliza namsifu.

Kevina Nabawanuka hakuwahi kubakisha.
Chupa yake ilirudi tupu, imeoshwa, inanukia sabuni.
Nikamwekea alama ya vema mwezi baada ya mwezi,
na mwezi baada ya mwezi mizani ikanikanusha:
hamsini na nne.
Hamsini na moja.
Arobaini na sita.
Gomesi ile ile, mshipi sasa unamzunguka mara mbili.

Nikamfuata kwake baada ya kazi, njia ya migombani,
viatu mkononi kwa sababu ya matope.
Nguruwe nilimsikia kabla ya kumwona.
Mweupe, mrefu kama kitanda cha watu wawili,
miguu haijui ilibebe vipi lile tumbo.
"Miezi mitano tu," Kevina akasema,
kwa sauti ya mama anayemtaja mwanawe wa chuo kikuu.

Kando ya pumba na maganda ya matoke
palikuwa na kinu kidogo, na mchi umelala ndani.
Vumbi jeupe.
Nikalijua vumbi lile. Nimelishika miaka tisa.

Nilikuwa na maneno ya kufoka,
tuliyofundishwa Masaka, kwenye semina, kwa chai na posho.
Akaniwahi:
"Muuza chakula cha mifugo mjini ana unga wake wa kunenepesha.
Pakiti haina jina, na bei yake huitamki mbele ya mtoto.
Hivi vyangu ni vya bure.
Vianney amerudishwa nyumbani mara tatu kwa ajili ya ada.
Nguruwe akijaa, mtoto anakaa darasani.
Mimi nikijaa, nani ananinunua?"

Nikatoa kalamu.
Nikairudisha mfukoni.
Akanipa papai la kwenda nalo, nikalipokea.

Jumamosi nilishuka barabara kuu
pale Ssalongo Mutyaba anapochoma nyama,
moshi wake ukisimamisha malori ya Mbarara.
Nusu kilo, muhogo, kachumbari nyingi.
Nyama laini, mafuta yakanitiririka hadi kiwikoni.
Sikumuuliza Ssalongo kanunua wapi.
Wateja wote walikuwa wanacheka, nami nikacheka,
ila katikati ya tonge nikajikuta
nahesabu. Kwa ulimi.
Viwili viwili.

Leo Jumanne. Chupa tupu, sabuni ile ile.
Kevina amevua kandambili, anangoja kupanda mizani,
mfupa wa bega unainua kitambaa kama kigingi cha hema.
"Mwili unaendeleaje?" nikauliza, kalamu juu ya kadi.

Akatabasamu,
akanitajia kilo za nguruwe.