Paa Lisilo na Nyumba

Safu ya tisa ya fomu yangu iliuliza:
Paa la nyumba ni la bati? Ndiyo. Hapana.

Nilitoka Khulna na basi la alfajiri,
kisha pikipiki, kisha miguu, juu ya tuta
lililotiwa viraka vya magunia ya mchanga
pale mto ulipolipasua mwaka juzi.

Anjuara alinipa kigoda, yeye akachuchumaa.
Akanimiminia maji katika bilauri ya chuma.
Nikanywa. Yalikuwa na chumvi,
si chumvi ya mboga; ile ya jasho,
ile inayokaa kooni kama neno ulilolimeza.
"Hayo ndiyo matamu," alisema.
"Ya bwawani tunaoshea vyungu."

Safu ya kwanza, jina. Ya pili, idadi ya watu nyumbani.
Alihesabu kwa vidole vyote vitano,
akakitazama kimoja, akakikunja.

Ya tisa sikuhitaji kuuliza.
Makuti ya golpata juu ya kichwa chake
yalikuwa yamenyonyoka kama nywele za mgonjwa,
na jua lilidondoka juu ya karatasi yangu
tone, tone,
palepale mvua itakapodondoka.

Nikamweleza nilivyofundishwa kwenye semina:
tangi ni la lita elfu mbili, halilipiwi,
ila maji ya paa la majani huwa mekundu, huwa na wadudu,
kwa hiyo wataalamu wameonelea kwamba...
Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.
"Kumbe," akasema, "kiu mnaipima kwa bati."

Jibu hilo halikuwa na safu.

Siku ile nilitia Ndiyo kumi na nne.
Wana bati kwa kuwa wana ardhi,
wana ardhi kwa kuwa wana mabwawa ya kambamiti,
na kambamiti hutaka maji ya chumvi,
na tuta lilitobolewa usiku, kwa bomba, na mtu
ambaye kila mtu anamjua na hakuna aliyemwona.
Chumvi ni yao. Sasa na tangi ni lao.
Anjuara huwamenyea kambamiti nusu siku
kwa mtungi mmoja wa mvua ya jana.
Husemwa aliye juu mngoje chini;
huku, aliye chini hungoja kinachofurika.

Nilirudi kuhakiki, wiki moja kabla ya masika yao.
Nyuma ya kibanda chake zilisimama
nguzo sita za mianzi, na juu yake
mabati saba, kila bati na kutu yake.
La Minoti lilitoka kwenye choo kilichosombwa.
La Shorbanu bado lina herufi za duka la mbolea.
Moja lilikuwa mlango; komeo lake linaning'inia
likitazama mbingu.
Ukuta hapana. Kitanda hapana.
Chini yake palikuwa na mbuzi, akitafuna kamba.

"Andika," alisema Anjuara. "Paa: bati."
"Na nyumba?"
"Fomu yako haikuuliza nyumba."

Nikaitazama. Kweli, haikuuliza.

Nikaandika Ndiyo.
Kwenye jina la mwenye kaya, wanawake saba
walitaja majina yao kwa pamoja, nami
niliandika herufi ndogondogo, zikavuka mstari,
zikapanda pembeni ya karatasi kama sisimizi,
Okhila wa mwisho akaishia karibu na nembo ya wafadhili.

Msimamizi wangu ameirudisha mara mbili,
duara jekundu limezunguka majina.
Mara mbili nimeipeleka vilevile.
Hapendi. Ananiita mjuaji, na mkataba wangu
unaisha mwezi ujao.

Jana mvua ilianza bila kungoja tangi.
Nimeambiwa wameweka sufuria chini ya mabati,
na ndoo, na beseni la kuogeshea mtoto,
na, mwishoni kabisa, ile bilauri ya chuma.