Sita Yangu, Sita Yake

Nilishuka kivukoni na orodha mfukoni:
kanisa kuu, ngome, makumbusho, bustani ya juu,
na kando ya kila jina kisanduku cha kutia alama,
maana nilikuwa na siku moja tu Valletta
na nauli ya kurudi nilishailipa.

Mji huu umechorwa kwa rula.
Barabara zimenyooka kama mistari ya daftari
mpaka zifike ukingoni; hapo zinageuka ngazi
na kutumbukia majini.
Roshani za mbao, za kijani, nyekundu, buluu iliyochujuka,
zimechomoza ukutani kama droo
alizoziacha wazi mtu aliyekuwa akitafuta hati,
akaitwa mara moja, asirudi.

Kanisani nilikanyaga makaburi.
Sakafu yote ni mashujaa na mafuvu ya marumaru.
Mlinzi alimzuia bibi mmoja mlangoni:
visigino vyembamba haviingii humu,
vinawachoma wafu.
Nikatia alama. Nikatoka.

Nje, Wistin anauza vimkate vya njegere,
tabaka juu ya tabaka, vyepesi kama kurasa;
ukiuma, nusu ya kitabu inakumwagikia kifuani.
Mzinga ukalia ngomeni. Njiwa wote wakaruka.
Yeye hakushtuka; alisogeza tu mshale wa saa yake.
Nikasema, kwa kujisemea: "Saa sita."

Akanitazama.
Akalitazama jua, lililokuwa utosini.
Kumbe saa ni saa hata kwake, na sita ni sita,
ila sita yake ni ya jioni,
na mgeni anayeiona adhuhuri
bila shaka ameanza kunywa mapema.
Akanipa chupa ya maji. Pesa akakataa.

Nilikuwa naelekea makumbusho
kapu liliposhuka mbele ya pua yangu.
Ndani, noti moja na kijikaratasi.
Juu, ghorofa ya tatu, Bi Vitorin,
ambaye jina lake nililijua baadaye, kwa muuza duka.
Akainua gongo lake nje ya dirisha, nikaelewa.
Akaonyesha kona. Nikaenda.
Mkate na betri mbili.
Nikarudi na betri nene. Alitaka nyembamba.
Nikaenda tena.

Kisha akaanza kuvuta kamba,
akihesabu kila mvuto kwa sauti.
Moja yake sikuijua. Mbili ilinipita.
Sita! Nikainua kichwa.
Saba, nikaitikia naye, mwenye duka akatoka kutazama.
Kwenye nane tukapotezana,
yeye kwa njia yake, mimi kwa yangu;
kwenye tisa tukakutana tena, hatujui nani kamngoja nani;
na kumi, kapu likagonga mbao,
kila mtu akabaki na kumi lake.

Redio ikakohoa, ikaamka, ikatangaza mpira.
Nilidhani amenisahau.
Kapu likashuka mara ya pili:
limau moja, lina jani lake bado.

Makumbusho nilikuta mlinzi anafunga.
Bustani sikuiona. Ngome niliisikia tu.

Jioni kengele zilianza, kanisa hili likilijibu lile,
Wistin akikunja meza yake njiani mwangu.
Akaninyooshea vidole, vitano na kimoja,
"Sita," akasema taratibu,
kama anayemfundisha mtoto wa jirani.
Kwangu zilikuwa kumi na mbili, kamili.
"Sita," nikasema.
Akaridhika, akanipiga bega.

Orodha niliiviringishia limau lisichubuke.
Kivuko kikanguruma.
Baharia, kijana mwenye vumbi la unga wa chaki viganjani,
akaanza kuvuta kamba kutoka gatini,
mvuto mmoja, wa pili.
Nami nikamhesabia kimoyomoyo,
nikisubiri ifike sita.