Mdudu wa Ng'walu

Darasa la awali, Mabatini, chini ya mawe
yaliyobebana mgongoni na hakuna wa kuyashusha.
Watoto tisini na wawili, nusu kipande cha chaki,
na mimi, niliyeambiwa kwenye semina: anza na sauti.

Basi nikaanza na zile walizokuja nazo.
S ni dagaa wakitupwa kwenye mafuta ya moto,
sss, hata aliyekosa uji asubuhi anaisoma hiyo.
O ni mdomo wa sato juu ya meza, kule Mwaloni,
anashangaa bei yake.
U ni meli ya Ukerewe ikiaga.
Na K, k, k, k,
hiyo sikuitunga mimi, iliingia dirishani:
mama yake Ng'walu juu ya jabali
akivunja kokoto, ndoo kwa ndoo.
"K ni mama," akasema Ng'walu.
Nikamwambia mama huanza na M.
Akanitazama, nikajiona sina masikio.
Tangu siku hiyo K wa ukutani kwetu ana kilemba,
mkono mmoja juu, mguu mmoja mbele.

L na R nimewafanya mapacha.
Kulwa ulimi wake umelala nyuma ya meno,
wa Doto unatetemeka kama mfuniko wa sufuria.
Na hapa sidanganyi: mimi pia Doto hunitoroka.
Nimekulia Magu; nikisema "kura" watu wananawa mikono.
Wanacheka, nacheka, tunarudia.

Ikaja siku ya N na G.
Wakitembea pamoja wanapiga ngoma,
ngazi, nguo, ngano, hakuna shida.
"Na ng'ombe?" akauliza Lusinge kutoka nyuma.

Nikageukia dirisha kuomba msaada.
Ziwani usubi walikuwa wamesimama kama moshi
wa nyumba isiyokuwepo; wengine wameshafika,
kwenye nywele, kwenye kikombe changu cha chai.
Nikasema: N na G walikuwa wanapita Kirumba.
G akafungua koo agonge kwa nguvu, kawaida yake,
mara mdudu mmoja akamtua begani.
G akaogopa kummeza. Akafumba.
Sauti ikakosa mlango, ikapandia puani:
ng'.

Watoto tisini na wawili, vidole juu ya pua,
ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, ng'aa,
darasa likavuma kama zizi saa ya kukamua.

Ng'walu hakuvuma nao.
Alikuja mezani, akafungua daftari la mahudhurio
bila ruhusa, akashuka na kidole, jina hadi jina,
akasimama.
"Mwalimu, mdudu wangu ameruka."

Ni kweli. Ofisini walimwandika Ngwalu,
G akigonga mlango usio wake.
Kadi ya kliniki hivyo hivyo. Cheti hivyo hivyo.
Miaka sita anaitwa na karatasi
jina ambalo nyumbani hakuna anayelijua.

Kuchafua rejesta kuna barua ya kujieleza.
Nikampa kalamu ya wino.
Akamweka mdudu, mkubwa mno,
karibu awe mwewe,
akampuliza akauke, si aruke.

Mlangoni akageuka.
Bibi yake anasema tunaishi Ng'wanza.
Lakini kwenye bango la shule, amesoma mwenyewe,
mwanzo pale kuna M, midomo imefungwa.
"Na wao, mdudu wao alikwenda wapi?"

Nikasema nitauliza.
Sijui nimuulize nani.
Juu ya jabali: k, k,
kimya kidogo, labda anajifuta jasho,
k.