Zamu ya Maji, Tiwi

Nusu saa ya maji: ndiyo mirathi
aliyoniachia Sleyum. Mashamba waligawana nduguze.
Saa tisa usiku nashuka bondeni na kurunzi,
nachomoa tambara kwenye falaji,
na maji yananijia, baridi, yakinuka jiwe.

Kwanza mitende mitatu ya mahari yangu.
Kisha migomba
niliyoisemesha Kipemba hadi ikazaa.

Mchana hupita wageni, mabegi mgongoni,
wakiulizia pango, maporomoko, vidimbwi vya kijani.
Nawaonyesha kwa kidole.
Miaka thelathini, sijaogelea humo hata siku moja.

Gengeni Shinuna anakohoa: zamu yake imeingia.
Naziba.

Na bahari hiyo hapo, hatua mia tatu,
haina zamu, haina mrithi,
chumvi tupu.