Daftari la Chumba cha Mashine

Juu, sitahani, wanakunywa kwa mirija ya mianzi.
Huku chini mimi nahesabu lita.

Jenereta namba moja: saa ishirini na nne.
Namba mbili: saa kumi na tisa, na kikohozi.
Hatukusafiri leo. Hatukusogea hata urefu wa mkeka.
Tulikaa tu, hapa Formentera,
tukachoma dizeli lita mia tisa
ili shampeni isipate joto
na mbwa wa bibi alale chini ya blanketi mwezi wa Agosti.

Yoti yetu ina cheti. Kimo ndani ya fremu
karibu na ngazi, mgeni hawezi kukikwepa.
Ina broshua ambamo neno uendelevu
limetokea mara kumi na moja.
Ina paneli za sola, sita,
zinazotosha (nimepiga hesabu mara mbili)
kuwasha taa za bwawa la kuogelea.
Kizuri chajiuza. Kinachojitembeza mnakijua.

Saa nne asubuhi alikuja Eulària wa zamu,
boti yake ndogo ya umeme haisikiki,
kwanza unasikia mluzi, kisha unamwona.
Ana ndoo iliyokatwa kitako, kioo kimegundishwa chini.
Akanipa nitazame.

"Mwani?" nikauliza.
"Si mwani," akasema, kama aliyetukaniwa mama.
"Una mizizi. Unachanua. Unazaa tunda.
Kwa mwaka unatambaa upana wa kucha."

Ndani ya ndoo niliona konde zima limelalia mkondo,
na katikati yake mnyororo wetu
ukichora nusu duara, taratibu, kila upepo ukigeuka,
kama ufagio mkononi mwa mtu aliyesinzia.
Nyuma yake, mchanga mtupu.
Kucha ngapi? Miaka mingapi?
Mimi ni mtu wa hesabu. Hii nikaiacha.

Nahodha Wouter alikuwa na jibu la adabu:
chati inaonyesha mchanga;
boya liko wazi kule ng'ambo, ndiyo,
lakini kule mawimbi yanatikisa vikombe.
Eulària hakupaza sauti. Alitoa penseli iliyotafunwa,
akauliza jina la yoti
ingawa limeandikwa ubavuni kwa herufi ndefu kuliko yeye.
Nahodha akalitaja. Kwa Kiitaliano maana yake maji safi.
Akalitaja akitazama vidole vyake vya miguu,
maana sitahani hatuvai viatu.

Usiku namba mbili ikakata roho.
Nikazima na namba moja. Kwa usalama, nilisema.
Ilikuwa kazi ya dakika kumi,
chujio tu, na mkanda.
Mimi, Rodelio wa Iloilo, fundi wa miaka ishirini na sita,
nilitumia dakika hamsini.

Kwanza walilalamika. Kisha madirisha yakafunguliwa,
moja, halafu mengine, hata lile lililokuwa limeganda kwa chumvi.
Nikamsikia bibi akiuliza giza:
"Hiyo sauti ni ya nini?"
Mhudumu akasikiliza sana kabla ya kujibu:
"Ni maji, madam. Yanagusa yoti."
Akanyamaza. Wote wakanyamaza.
Wiki tatu baharini, na ndiyo kwanza wanakutana.

Alfajiri nanga ikapanda, imebeba fungu la majani.
Sikuuliza nani ameamuru.
Tumefungwa kwenye boya, vikombe vinagongana kabatini,
namba mbili imepumzishwa,
mbwa amelala juu ya mbao, tumbo wazi.

Cheti bado kinaning'inia.
Pembeni yake nimebandika ukurasa wa daftari,
mpaka atakayeubandua.
Lita mia nne na kumi.
Bado nyingi.
Nimeziandika kwa wino.