Kiini Sifuri

Chiromo, Jumanne, Julai ya mawingu yasiyonyesha.
Chumbani watu kumi na saba, makoti hayajavuliwa,
na nyuma ya ukuta mashine inanguruma
kama jirani asiyejali saa.
Viini sitini na vinne. Mimi ndiye mkufunzi.
Somo: kwa nini programu yetu,
ile ya kutabiri mvua ya vuli kule Mwingi,
huchukua dakika arobaini na moja
kusema jambo ambalo kumbikumbi hulitangaza kwa mbawa tu.

Nilifundisha mbio. Nasema ukweli.
Nilifundisha nikiwa nimewapa mgongo,
kalamu mkononi, nikiongea na ubao,
na vijana watatu wa safu ya mbele wakinijibu
kabla sijamaliza kuuliza.
Nilidhani darasa linakwenda.

Dirishani alikaa Kwamboka, kiziwi,
na mbele yake Lusweti, mkalimani wa ishara,
jasho pajini katika baridi ile,
mikono ikikimbiza maneno yangu
kama mtu anayekimbiza karatasi kwenye upepo.
Neno "kiini" halikuwa na ishara.
"Uzi", ule wa kompyuta, haukuwa na ishara.
Aliyataja kwa vidole, herufi moja moja,
nami nilikwisha kufungua ukurasa mwingine.

Saa nne, chai. Mandazi yaliyopoa.
Wario akawasha picha ya mwendo wa programu:
mistari sitini na minne, mmoja kwa kila kiini,
buluu ni kazi, nyeupe ni kungoja.
Safu ya mbele ikasema kumbukumbu ni ndogo.
Ikasema nyaya. Ikasema mashine ni ya mtumba.
Mimi nikasema tuongeze viini.

Kwamboka akainuka na andazi lake.
Akagusa mstari wa juu kabisa, namba sifuri:
buluu, buluu, buluu tupu.
Kisha akashusha kiganja taratibu
juu ya mistari sitini na mitatu,
myeupe yote, kama foleni ya ofisini mtandao ukipotea.
Lusweti hakutoa sauti upesi. Alimtazama kwanza.
"Anasema: huyu mmoja anafungua faili peke yake,
anasoma yote, ndipo awagawie wenzake kijiko kijiko.
Anauliza: kwani hao wengine hawajui kusoma?"

Penye wengi pana mengi, tuliambiwa.
Hapa penye wengi palikuwa na mmoja,
na waliobaki walikuwa wameketi wakingoja.
Niliitazama ile nyeupe
nikaiona asubuhi yangu.

Hatukutoka mapema siku hiyo.
Tulikata faili mafungu, kila kiini na lake,
Kwamboka akiandika, Wario akihesabu mipaka,
mimi nikibeba vikombe.
Jaribio la kwanza likaanguka.
La pili likanyesha milimita elfu tisa juu ya Mwingi;
tukacheka hadi askari wa zamu akachungulia.
La tatu, dakika kumi na mbili.
Nyeupe bado ilikuwepo, huku na huko, kama mvi.

Tukaunda ishara za kesho.
Kiini: ngumi ndogo juu ya kiganja.
Uzi: kidole cha mwisho kikivuta hewa.
Kungoja hatukuiunda. Aliijua tangu zamani.

Usiku nikapita Museum Hill kwa miguu,
ngumi juu ya kiganja, ngumi juu ya kiganja,
na muuza mayai akadhani nayataka mawili.
Nikachukua mawili.

Kesho nitaanza nikiwatazama.
Nitauliza, halafu nitahesabu moyoni
mpaka mikono ya Lusweti ishuke.
Sijui kama nitaweza.
Ulimi wangu umezoea kufika kwanza.