Chembe ya Osukuru

Nimeikata chembe moja ya chuma-sumaku
kutoka kilima cha Osukuru, nje ya Tororo,
nikaisugua mpaka ikang'aa kama ukucha.

Etyang, aliyeichimba, aliuliza kwa simu:
"Jiwe langu limezaliwa na moto, au na maji?"
Sauti ya mtu anayengojea hati ya kiwanja.

Sikumjibu. Mashine ya Entebbe haipendi haraka,
na umeme ulikatika mara mbili kabla ya chai.

Halafu namba zikaanza kudondoka.
Kiini: titani tele, na vanadi.
Huyu alipikwa ndani ya uji wa mawe,
akameza kila kilichokuwamo chunguni.

Ukingoni, mikroni thelathini tu mbele,
titani imetoweka.
Maji ya moto yalipita hapa baadaye,
yakaingia ufani bila kubisha hodi,
yakanyonya, yakafuma upya,
yakaacha mpaka uliong'atwang'atwa
kama pindo la kanga iliyopitiwa na panya.

Nikapima tena. Mara ya tatu nikacheka peke yangu.

Nilisomea Malaba. Mwalimu alinitaka nichague:
Mpadhola wa baba au Mteso wa mama.
Fomu ilikuwa na nafasi moja,
nami nikaandika kwa herufi ndogo, yote mawili,
hadi wino ukavuka mstari.

"Etyang," nikamwambia, "moto ulilizaa, maji yakalilea."

Kimya. Jogoo akawika upande wake wa simu.

"Sawa, Nyaketcho. Sasa mnunuzi nimwandikie nini?"